Elimu ya Uzamivu: Swali ni la Nani?

Katika nchi zetu umezuka mtindo wa kuyapima maendeleo ya elimu ya juu kwa kuhesabu vichwa. Huulizwa nchi ina wahitimu wangapi wa shahada ya uzamivu, chuo fulani kina wahadhiri wangapi wenye shahada hiyo, na miaka mitano ijayo wataongezeka kwa kiasi gani. Hatusemi kwamba kuhesabu ni kosa, maana mpango usio na hesabu si mpango. Lakini hesabu inapogeuzwa kuwa ndiyo sera yenyewe, suala la msingi hufunikwa. Suala la msingi ni hili: swali analolitafiti mtahiniwa wa uzamivu limetoka kwa nani, linalipiwa na nani, na jibu lake linarudi kwa nani? Tunadai kwamba sera nyingi za elimu ya uzamivu barani Afrika hazithubutu kuligusa suala hilo, na kada au mwanafunzi anayezisoma bila kuliuliza ataishia kushangilia takwimu.

Hesabu ya vichwa

Afrika ya Kusini ndiyo iliyoliweka jambo hili wazi kuliko nchi nyingine. Mpango wake wa Taifa wa Maendeleo wa mwaka 2012 ulieleza kwamba mwaka 2010 vyuo vikuu vya huko vilitoa wahitimu 1,420 wa uzamivu, ukaagiza wavuke 5,000 kwa mwaka ifikapo mwaka 2030. Uliagiza pia kwamba wahadhiri wenye shahada hiyo waongezeke kutoka asilimia 34 hadi asilimia 75. Tena serikali ya huko haikuishia kwenye maneno. Mfumo wake wa ruzuku hukipa chuo fedha kwa kila mhitimu wa uzamivu na kwa kila makala ya kitaaluma iliyochapishwa, na kweli idadi ya wahitimu imepanda sana. Hapana budi kulitambua jambo hilo: dola ikiamua kulipa, matokeo huonekana.

Lakini ruzuku ya namna hiyo haiulizi tasnifu inahusu nini. Chuo hujifunza upesi kwamba mhitimu ni fedha, na kwamba mhitimu wa haraka ni fedha ya haraka. Aidha, sehemu kubwa ya wahitimu hao wametoka katika nchi nyingine za Afrika, na si wote wanaorudi makwao. Lugha yetu ina dhihaka yake katika jambo hili. Mzamivu na mzamiaji, yule kijana anayejificha katika tumbo la meli apate kwenda ng'ambo, ni watoto wa kitenzi kimoja.

Nchini Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa kanuni mwaka 2014 zilizomtaka kila mhadhiri awe na shahada ya uzamivu, na wasiokuwa nayo wakapewa muda wa kuitafuta. Muda ulikwisha wengi wao wakiwa bado hawajaipata. Ingekuwaje vinginevyo? Walioagizwa kuzamia ni walewale waliokuwa wakifundisha madarasa ya mamia ya wanafunzi, wakisahihisha mitihani usiku, na siku za mapumziko wakikimbilia chuo cha pili kufundisha kwa malipo ya saa. Mwaka 2019 chuo kikuu kimoja cha umma cha huko kilitunuku shahada za uzamivu 118 katika mahafali moja, na Tume ileile iliyokuwa ikiwataka wahitimu ililazimika kuanzisha uchunguzi kuuliza wametoka wapi wengi hivyo kwa mara moja.

Hatulisemi hili kwa kumcheka jirani. Tunalisema kwa kuwa linaonyesha mahali penye kosa la nadharia. Elimu ya uzamivu haizalishwi kama vitambaa katika kiwanda cha nguo. Ni kazi ya fundi na mwanagenzi, na fundi seremala mmoja hawezi kuwa na wanagenzi arobaini kisha akatoka hata mmoja anayejua kushika randa. Msimamizi wa tasnifu anasoma sura ya kwanza mara nne, anaikataa mara tatu, anakwenda na mtahiniwa wake kijijini au maabara, anamwonyesha kwamba takwimu alizozileta hazisemi anachotaka zisema. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Pale inapoamriwa ikamilike kwa tarehe, hutokea mambo mawili: tasnifu huandikwa na mtu mwingine kwa malipo, au makala zinazodaiwa kabla ya kutunukiwa hupelekwa kwenye majarida ya kulipia yanayochapa chochote. Vyote viwili ni biashara sasa, na vina wateja hata miongoni mwa viongozi wanaotaka kuitwa Daktari kabla ya uchaguzi ujao.

Njia iliyotufikisha hapa

Chuo chetu kikuu cha kwanza kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kikasimama chenyewe. Wahadhiri wa mwanzo walikuwa wengi wao wageni. Kwa hiyo ilikuwa sera sahihi ya wakati ule kuwachagua vijana bora na kuwapeleka Ulaya na Amerika kusoma hadi uzamivu ili warudi kushika nafasi. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kumfananisha msomi wa nchi maskini na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda kuleta kingine. Mfano huo una upande ambao mara nyingi husahauliwa. Unamlaumu asiyerudi, ndiyo. Lakini pia unadhani kwamba chakula kimetoka kijijini na safari imeamuliwa na kijiji. Na ikiwa chakula kimetoka kwingine, na njia imechaguliwa na mwingine, atarudi kumletea nani?

Hicho ndicho kilichotupata. Mwaka 1977 Sweden ilianza kugharimia utafiti na mafunzo ya watafiti hapa nchini, na kwa miongo mingi wahadhiri wetu walisoma uzamivu kwa kugawanya muda wao kati ya Dar es Salaam na vyuo vya Sweden. Tuwe waadilifu: katika miaka ya 1980, serikali ilipokuwa haina fedha za kigeni hata za vipuri vya mabasi, msaada huo uliziweka hai idara ambazo zingekufa. Baadhi ya kazi zilizotokana na utaratibu wa namna hiyo ni urithi wetu. Tasnifu ya Felix Chami, iliyotolewa Uppsala mwaka 1994, ilionyesha kwa ushahidi wa vyungu na udongo kwamba miji ya mwambao ilianzishwa na wakulima na wafua chuma wa hapahapa, ikaitia nyufa kasumba ya zamani kwamba Waswahili waliletewa ustaarabu kwa jahazi. Hatuwezi kuitupa kazi kama hiyo kwa sababu ya mahali ilipochapishwa.

Benki ya Dunia ilikuwa na mwelekeo tofauti. Katika taarifa yake ya mwaka 1986 juu ya kugharimia elimu katika nchi zinazoendelea, ilishauri gharama za elimu ya juu zirudishwe kwa wanafunzi na wazazi, na fedha za umma zielekezwe kwenye ngazi za chini ambako, kwa hesabu zake, faida kwa jamii ni kubwa zaidi. Ushauri huo ulikuja pamoja na masharti ya kurekebisha uchumi, na serikali iliyopigwa kabari na madeni haikuwa na nafasi kubwa ya kubishana. Maktaba ziliacha kununua majarida, mashine za maabara zikafunikwa vitambaa, mafundi, yaani wasimamizi wenye uzoefu, wakahamia Botswana, Lesotho na Marekani. Kisha mwaka 2000 Benki hiyohiyo, kwa kushirikiana na UNESCO, ilitoa taarifa ya jopo lililosema kwamba elimu ya juu katika nchi zinazoendelea imepuuzwa mno. Na mwaka 2016 ikawa inakopesha fedha za kuanzisha vituo 24 vya umahiri katika nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, kazi yao kubwa ikiwa ni kufundisha wazamili na wazamivu. Vinne viko kwetu, viwili Sokoine na viwili katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Mwaka 2021 ukaja mradi mwingine wa elimu ya juu wa dola milioni 425, nao ni mkopo. Aliyetushauri tuibomoe nyumba ametukopesha matofali.

Hatusemi matofali hayo yarudishwe. Tunasema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na ushahidi haukukawia. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, miradi mingi ya utafiti wa tiba barani Afrika ilisimama ghafla, ukiwemo wa chanjo ya UKIMWI uliokuwa ukiongozwa na wanasayansi wa Kiafrika wenyewe. Ugonjwa haukusimama. Nchi za Afrika zilikwisha kukubaliana katika Mpango wa Lagos wa mwaka 1980, na tena Khartoum mwaka 2006, kwamba kila moja itenge asilimia moja ya pato lake kwa utafiti. Nchi nyingi bado hazijafika hapo, na ahadi iliyotolewa mara mbili bila kutimizwa haiwezi kulaumiwa kwa mabeberu peke yao.

Msomi sokoni

Aliyeyachambua vizuri mabadiliko ya miaka hiyo ni Mahmood Mamdani, aliyepata kufundisha Mlimani katika miaka ya 1970. Kitabu chake Scholars in the Marketplace, kilichotolewa na CODESRIA mwaka 2007, kinaeleza jinsi Makerere ilivyogeuzwa kati ya mwaka 1989 na 2005. Hoja yake kuu ni kwamba kuwapokea wanafunzi wanaojilipia ni jambo moja, na soko kuingia ndani ya chuo na kuamua nini kifundishwe ni jambo jingine, na la pili ndilo lenye sumu. Vitivo vilianza kunyang'anyana wanafunzi kwa kubuni kozi zenye majina ya kuvutia, mishahara ikafuata makundi, utafiti ukabaki yatima. Katika maandishi yake ya baadaye anaongeza kwamba utafiti wenyewe umemezwa na kazi za ushauri elekezi: mteja analeta swali likiwa limekwisha kuundwa, msomi anatakiwa kutafuta jibu tu. Anayeunda swali, asema, ndiye mtafiti. Hapo tunakubaliana naye kabisa, na makada wanaoagiza tafiti kutoka vyuoni wakiwa tayari wanalijua jibu wanalolitaka wangefanya vyema kumsoma.

Dawa aliyoipendekeza ni kuifundisha shahada ya uzamivu nyumbani. Mwaka 2012, akiwa mkurugenzi wa Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, alianzisha mpango wa uzamivu wenye masomo ya darasani ya miaka miwili kabla ya tasnifu, ili msomi wa Kiafrika atunge nadharia badala ya kuwa mkusanyaji wa data za kunogesha nadharia za wengine. Ni hatua ya maana. Upungufu wake, kwa maoni yetu, ni kwamba inalitoa swali katika mikono ya mteja na kuliweka katika mikono ya maktaba. Mkulima, muuguzi wa zahanati, fundi wa gereji, hao wanaingia katika elimu hiyo wakiwa mada ya kusomwa. Hawaingii wakiwa wenye swali. Nadharia iliyotungwa Kampala na msomi wa Kampala inaweza bado kuwa ngeni kwa Uganda.

Somo la mikorosho

Tuutazame mfano ambao vitabu vya sera ya elimu ya juu haviutaji, labda kwa kuwa hautoki chuoni. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zilivunwa chini ya tani 17,000. Sababu zilikuwa kadhaa. Bei aliyolipwa mkulima ilishuka thamani. Operesheni ya kuhamia vijijini iliwaacha watu mbali na mikorosho yao, na hilo ni kosa letu ambalo hatuna haja ya kulificha. Kisha ukaja ubwiriunga, ukungu mweupe unaoliunguza ua la mkorosho kabla halijafunga korosho.

Swali lilikuwa la mkulima wa Mtwara na Lindi, tena lilikuwa limeulizwa kwa sauti: maua yanakauka, tufanye nini? Lililichukuliwa na watafiti wa kituo cha Naliendele, watumishi wa serikali. Baadhi yao walikwenda vyuo vikuu vya Uingereza, kwa msaada wa nchi hiyo, wakaandika tasnifu za uzamivu juu ya mkorosho wenyewe na juu ya ukungu wenyewe. Kisha walirudi Naliendele. Matumizi ya salfa yakasambaa, miche iliyochaguliwa kwa kustahimili ugonjwa na kuzaa sana ikaanza kutolewa kwa wakulima, na pamoja na bei kuwa nzuri, msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000.

Ndugu msomaji aone kilichotokea. Shahada ilikuwa ya Uingereza, fedha za Uingereza, lugha ya Uingereza. Kwa kanuni ya wale wanaodhani utegemezi hupimwa kwa mhuri ulioko kwenye cheti, tasnifu hizo zingekuwa za kikoloni mamboleo. Hazikuwa, kwa sababu swali lilikuwa na mwenyewe kabla msomi hajapanda ndege, na kulikuwa na kituo cha kurudi: miti, vitalu, bwana shamba, na mkulima anayebisha hodi kuuliza ile dawa imefikia wapi. Mtahiniwa aliyepewa mada na mradi wa nje, akakusanya sampuli za damu au hojaji katika kata mbili, akazipeleka zikachambuliwe kwenye maabara ya mfadhili, hali yake ni tofauti hata kama anasomea Dar es Salaam na msimamizi wake ni Mtanzania. Huyo anasafirisha data ghafi, kama sehemu kubwa ya korosho zetu inavyosafirishwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Thamani inaongezwa huko, na sisi tunarudishiwa makala yenye jina la mwenzetu katikati ya orodha ya waandishi.

Salfa inayopulizwa kila mwaka imezaa maswali mapya juu ya udongo wa kusini. Ubanguaji umezaa maswali juu ya mashine, mitaji na vyama vya ushirika. Kila moja ni mada ya uzamivu, na hakuna hata moja linalohitaji kusubiri tangazo la ufadhili kutoka nje lenye maneno ya msimu huo. Kinachotakiwa ni kituo kiwe na fedha zake za miaka minne au mitano za kumlipa mtahiniwa mshahara kamili na kumwondolea mzigo wa madarasa. Tungependa kuona katika bajeti vituo kama Naliendele, Uyole na Ilonga, pamoja na hospitali za mikoa, vikiwa na nafasi za uzamivu zinazotangazwa kwa swali, wala si kwa jina la kitivo. Wahitimu kumi wa namna hiyo kwa mwaka ni wachache katika jedwali. Tunawapendelea kuliko mia moja wa kutimiza tarehe.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilijaribu kitu cha jamii hii katika shahada ya kwanza, lilipotaka watu wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Halikufaulu kama lilivyotarajiwa: wasichana walipungua hadi wakasamehewa sharti hilo mwaka 1976, na katika miaka ya 1980 likaachwa. Kumchelewesha kijana wa miaka ishirini anayetaka kusoma fizikia halikuwa jambo la busara. Lakini wazo kwamba mtu aingie akiwa na swali alilolipata kazini, wazo hilo mahali pake hasa ni uzamivu, ambako hakuna aliyelipeleka.

Jibu kwa lugha ya nani?

Mwaka 1986 M. M. Mulokozi alitunukiwa uzamivu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa tasnifu juu ya tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa nanga. Utafiti ulikuwa wetu, chuo chetu, watu wetu. Tasnifu ikaandikwa kwa Kiingereza, maana ndiyo ilikuwa kanuni. Leo tasnifu za taaluma ya Kiswahili zinaandikwa kwa Kiswahili na hakuna aliyethibitisha kwamba elimu imeshuka. Katika kilimo, tiba, sheria na uhandisi mambo ni yaleyale ya zamani. Huambiwa hakuna istilahi. Lakini TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Istilahi ambayo hakuna anayelazimika kuitumia haikui.

Hatudai tasnifu ya upasuaji wa moyo iandikwe yote kwa Kiswahili kuanzia mwakani. Msomi wetu hana budi kusomwa na wenzake wa Nairobi, Delhi na São Paulo. Tunadai jambo dogo linaloweza kuamriwa na seneti ya chuo katika kikao kimoja. Kila tasnifu iliyofanyiwa utafiti katika nchi hii iwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa ishirini, uliotahiniwa sawasawa na sura nyingine, na kabla ya utetezi mtahiniwa aupeleke kule alikochukua data zake, ausome mbele ya waliohojiwa au waliotolewa damu, na pingamizi zao ziandikwe na kuambatishwa. Watahini wa nje watauliza pingamizi za wanakijiji zinafanya nini katika kazi ya kitaaluma. Mtahiniwa atakuwa na wajibu wa kuwajibu, na kama hawezi kueleza kwa nini mkulima aliyembishia amekosea, au kwa nini amepatia, basi tasnifu hiyo irudishwe ikafanyiwe kazi.